Maisha ya Cousteau yana somo hata kwetu Mowlem

Muhula uliopita mwanafunzi wangu mmoja wa kidato cha tatu aliniletea ukurasa aliokuwa ameuchana kutoka katika jarida la watalii. Palikuwa na picha ya meli nyeupe iliyotia nanga juu ya maji ya samawati, na chini yake tangazo la likizo ya siku saba. Wageni wangelala melini, wangekula melini, na kila siku wangepiga mbizi mara tatu au nne kutazama matumbawe na samaki, wala wasingekanyaga nchi kavu hadi siku ya kurudi. Kijana huyo alikuwa na maswali mawili. Kwanza, watu hao hupumua vipi huko chini kwa muda mrefu namna hiyo? Pili, kwa nini mtu alipe fedha nyingi ili aishi chomboni, ilhali baharia huishi humo humo akilipwa?

Darasa zima liliangua kicheko. Mimi sikucheka, kwa kuwa swali la pili lilinishinda papo hapo. Nasomesha jiografia, na makazi yangu ni mtaa wa Mowlem, huku Eastlands jijini Nairobi. Bahari naijua kwa ramani zaidi ya ninavyoijua kwa macho, na wengi wa wanafunzi wangu hawajapata kuiona hata siku moja. Niliwaahidi jibu. Nililipata katika maisha ya Mfaransa mmoja aliyefariki mwaka wa 1997, Jacques-Yves Cousteau, na leo naomba niwasimulie walimu na wanafunzi wenzangu kisa chake.

Cousteau alizaliwa tarehe 11 Juni 1910 katika mji mdogo wa Saint-André-de-Cubzac, karibu na Bordeaux. Utotoni alikuwa mwenye afya dhaifu. Mwaka wa 1930 alijiunga na chuo cha jeshi la majini la Ufaransa, na nia yake hasa ilikuwa kurusha ndege. Lakini katikati ya miaka ya 1930 alipata ajali mbaya ya gari iliyomvunja mikono yote miwili. Ndoto ya urubani ikazimika. Wahenga walinena kwamba kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi, na hivyo ndivyo ilivyokuwa. Ili mikono irudiwe na nguvu, kijana huyo alikuwa akiogelea katika Bahari ya Mediterania karibu na Toulon. Rafiki yake, Philippe Tailliez, akampa miwani ya kuogelea. Alipoinamisha uso majini na kuona yaliyokuwa chini, maisha yake yaligeuka.

Wakati huo njia zilizozoeleka za kwenda chini ya maji zilikuwa mbili. Njia ya kwanza ilikuwa ya kale, kuziba pumzi kama walivyofanya wazamia lulu wa Ghuba tangu enzi na enzi. Njia ya pili ilikuwa kuvaa kofia nzito ya chuma na viatu vya risasi, huku hewa ikiletwa kwa mpira kutoka chomboni, mzamiaji akiwa kama mbuzi aliyefungwa kamba. Mwaka wa 1943, Ufaransa ikiwa chini ya majeshi ya Ujerumani, Cousteau alishirikiana na mhandisi Émile Gagnan. Gagnan alikuwa na kilango kidogo alichokitengeneza ili magari yaweze kutumia gesi, kwa kuwa petroli ilikuwa adimu wakati wa vita. Wawili hao walikigeuza kilango hicho kiwe cha kumgawia mtu hewa.

Hapa ndipo penye jibu la swali la kwanza. Kila mzamiaji anaposhuka mita 10, kanieneo ya maji humwongezekea kwa kiasi sawa na uzito wa hewa yote iliyo juu yetu. Kwa hiyo akiwa mita 10 chini hubanwa mara mbili ya alivyokuwa juu, na akifika mita 30 hubanwa mara nne. Hewa ikimfikia kwa nguvu ndogo kuliko ile ya maji, kifua chake hakiwezi kufunguka. Kilango cha Gagnan na Cousteau humpa mzamiaji hewa anapovuta pumzi tu, na humpa kwa nguvu iliyo sawa na ya maji yanayomzunguka. Mtungi ukawa mgongoni, kamba ikakatwa, na mtu akaweza kuelea chini ya bahari kwa muda mrefu akiwa huru kama samaki.

Mtungi peke yake haukutosha. Mwaka wa 1950 Cousteau alipata chombo cha mbao kiitwacho Calypso, kilichoundwa Marekani wakati wa vita kwa kazi ya kutegua mabomu ya baharini, kisha kikawa kivuko huko Malta. Tajiri mmoja wa Uingereza alikinunua, akamkodisha kwa faranga moja kwa mwaka. Calypso ikafanywa nyumba, karakana na maabara. Mke wake, Simone, aliishi humo kwa siku nyingi kuliko nahodha mwenyewe. Aliwauguza mabaharia, aliwaamua walipogombana, na inasimuliwa kwamba aliuza vito vyake ili safari isikwame. Jina la Simone halikuvuma, lakini bila yeye sidhani kama jina la mumewe lingevuma.

Kwa nini waishi chomboni? Sababu zilikuwa za kikazi. Matumbawe mazuri mara nyingi yako mbali na bandari, mahali ambapo mtu hawezi kwenda na kurudi kwa siku moja. Mitungi lazima ijazwe upya kwa mashine. Na mwili wenyewe unahitaji kupumzika kati ya mbizi moja na nyingine, ili naitrojeni iliyoingia katika damu ipate kutoka polepole, la sivyo mapovu yake humlemaza mzamiaji au kumwua. Chombo chenye vitanda, jiko na mashine ya hewa hutatua yote matatu. Likizo ile ya kwenye tangazo la mwanafunzi wangu ina utaratibu huu huu. Meli za watalii zinazozunguka leo katika Bahari ya Shamu, Maldivi na Shelisheli zinafuata nyayo za Calypso. Katika pwani yetu, kule Watamu, Diani na Shimoni, wengi wa wageni huondoka asubuhi na kurejea jioni, kwa kuwa matumbawe yetu hayako mbali na ufuko.

Safari nyingi za mwanzo za Calypso zilikuwa katika maji ya jirani zetu. Mwaka wa 1951 ilikwenda Bahari ya Shamu. Mwaka wa 1954 ilikwenda Abu Dhabi, ambako Cousteau na wenzake walizamia kuchunguza miamba kwa niaba ya wachimba mafuta. Hapana budi kulitaja hilo, maana mtu huyu aliyekuja kuitetea bahari aliwahi kupata riziki kwa kuwatafutia mafuta chini yake. Mwaka wa 1955 alivuka Bahari ya Hindi hadi Shelisheli. Katika kisiwa cha Assumption wazamiaji wake walifanya urafiki na chewa mkubwa aliyekuwa akiwafuata kama mbwa wa nyumbani. Filamu iliyotokana na safari hiyo, aliyoitengeneza pamoja na kijana Louis Malle, ilishinda tuzo kuu ya Cannes mwaka wa 1956, na mwaka uliofuata ikapata Oscar.

Mwalimu mwenzangu alinishauri niishie hapo, wanafunzi waone ushujaa na basi. Sikukubaliana naye. Filamu hiyo hiyo inawaonyesha wazamiaji wakilipua baruti katika matumbawe ili wahesabu samaki waliomo. Inawaonyesha wakining'inia kwenye kasa ili awavute. Inaonyesha ndama wa nyangumi aliyejeruhiwa na rafadha ya Calypso, kisha papa waliokuja kumla wakivutwa sitahani na kuuawa kwa hasira, kana kwamba papa ndio waliokuwa wamekosea. Haya yote yalipigwa picha mchana kweupe, na ulimwengu ukapiga makofi.

Sasa linganisha na mvuvi maskini wa pwani ya Tanzania. Uvuvi wa baruti ulisumbua pwani ile kwa miongo mingi, na mvuvi aliyekamatwa nao alipelekwa mahakamani, na ndivyo ipasavyo. Lakini baruti ni baruti. Haijui kama aliyeitupa anatafuta kitoweo au anatafuta elimu. Nisieleweke vibaya. Simtetei mvuvi wa baruti, wala sikusudii kumvunjia marehemu heshima. Nasema tu kwamba tukiwafundisha watoto wasifu wa watu wakubwa, tusiwafundishe kwamba dhambi ya mkubwa ni utafiti na dhambi ya mdogo ni uhalifu.

Kinachonifanya nimheshimu Cousteau ni kwamba hakubaki alipokuwa. Alirudi tena na tena katika bahari ile ile, akaona mahali palipojaa samaki pamekuwa patupu, na akabadilika. Mwaka wa 1960 alikuwa miongoni mwa waliopinga mpango wa kutupa taka za nyuklia katika Bahari ya Mediterania. Mwaka wa 1963 alijenga kijiji kidogo chini ya maji huko Sha'ab Rumi, katika pwani ya Sudan, na watu watano wakaishi humo, mita 10 chini, kwa muda wa mwezi mmoja. Kuanzia mwaka wa 1968 vipindi vyake vya televisheni viliingia katika nyumba za mamilioni ya watu. Mwaka wa 1973 alianzisha shirika la kuihifadhi bahari, na uzeeni alipigania bara la Antaktika lisichimbwe madini, jambo ambalo mataifa yalikubaliana mwaka wa 1991.

Nyumbani mambo hayakuwa shwari. Mwaka wa 1979 mwanawe Philippe, aliyetarajiwa kumrithi, alikufa katika ajali ya ndege karibu na Lisbon. Simone alifariki mwaka wa 1990, na mwaka uliofuata Cousteau alimwoa mwanamke ambaye tayari alikuwa amezaa naye watoto wawili. Januari 1996 Calypso iligongwa na tishari bandarini Singapore ikazama. Mwenyewe alifariki Paris tarehe 25 Juni 1997, akiwa na umri wa miaka 87, na akazikwa katika mji ule ule alikozaliwa. Mwenda tezi na omo, marejeo ngamani.

Turudi kwenye swali la pili. Mgeni hulipa ili aishi chomboni kwa sababu yeye hana zamu. Hapiki, hashiki usukani, haoshi sitaha. Amenunua haki ya kutazama. Cousteau, ingawa alikuwa nahodha, naona kwamba kwa miaka mingi aliishi baharini kama mgeni wa namna hiyo: alitazama, akachukua alichokitaka, akaenda zake. Ilimchukua muda mrefu kutambua kwamba naye alikuwa na zamu. Siwachukii wanaokwenda likizo hizo. Wengi hurudi wakiwa wapenzi wa bahari, na ada wanazolipa katika hifadhi husaidia kuzilinda. Lakini mtalii anayekanyaga tumbawe kwa kiatu chake cha kuogelea, au nahodha anayetia nanga juu yake badala ya kufunga chombo kwenye boya, huharibu kwa dakika moja kilichojengwa kwa miaka mingi. Na hasara nyingine haihitaji hata mtu awepo. Mwaka wa 1998 maji yalipopata joto kupita kiasi, sehemu kubwa ya matumbawe ya pwani yetu ilikufa.

Na sisi wa Mowlem, tusiokuwa na nauli ya kwenda Mombasa, seuze fedha za kuishi melini? Bahari iliko ndiko mito iendako. Mto Nairobi unapita jirani na mitaa yetu, kando ya jaa la Dandora. Unaungana na Athi, Athi unageuka Galana, Galana unageuka Sabaki, na Sabaki unamwaga maji yake katika Bahari ya Hindi kaskazini mwa Malindi, karibu na hifadhi ya bahari iliyoanzishwa mwaka wa 1968. Udongo unaobebwa na mto huo umekuwa tatizo kwa matumbawe ya huko kwa miaka mingi. Chupa inayotupwa mtaroni huku Eastlands ina njia iliyo wazi hadi huko. Hatujapata kupanda Calypso yoyote, ila zamu tunayo.

Kwa sababu hiyo sikuwapeleka wanafunzi pwani, maana shule haikuwa na uwezo huo. Niliwapeleka mtoni. Tulisimama ukingoni, pua zetu tumeziziba, na ramani ya Kenya mkononi. Yule kijana wa kidato cha tatu aliufuata mto kwa kidole kutoka Nairobi hadi Malindi bila kuinua mkono. Kisha akauliza ni siku ngapi maji hayo huchukua kufika. Sikuwa na jibu. Nimempa yeye na wenzake kazi ya kulitafuta kabla ya muhula kwisha, na nawasihi walimu wenzangu wawape wanafunzi wao kazi hiyo pia.