Jane Ellen Harrison na Taaluma ya Dini ya Wayunani wa Kale

Hadi robo ya mwisho ya karne ya 19, mwanafunzi wa Kiyunani katika Chuo Kikuu cha Cambridge alisoma lugha zaidi ya kuwasoma watu waliokuwa na lugha hiyo. Ustadi wake ulipimwa kwa tafsiri na kwa utunzi wa beti katika Kiyunani na Kilatini. Dini ya Wayunani aliipata kupitia kwa Homer na washairi waliomfuata: jamii ya miungu wazuri wa umbo, wanaokaa mlimani Olympus, wenye wivu na mapenzi kama binadamu. Kwamba nyuma ya miungu hao palikuwapo matambiko ya kutuliza mizimu, kutakasa mji na kurutubisha mbegu, halikuwa jambo la kumshughulisha mtahini. Miongoni mwa waliobadili hali hiyo, Jane Ellen Harrison ana nafasi ya pekee, ingawa chuo alichokitumikia hakikupata kumtunuku shahada yake.

Harrison alizaliwa tarehe 9 Septemba 1850 huko Cottingham, Yorkshire. Baba yake alikuwa mfanyabiashara wa mbao. Mama yake alifariki muda mfupi baada ya kujifungua, na mtoto akalelewa na walimu wa kike wa nyumbani, ambao mmoja wao baadaye aliolewa na baba yake. Mama huyo wa kambo alikuwa mshika dini mkali. Wako waandishi wanaopenda kuiona kazi yote ya Harrison kuwa ni jawabu kwa dini ya nyumba ile. Ni rahisi kulisema hilo, na ni vigumu kulithibitisha.

Mwaka 1874 aliingia Newnham, iliyokuwa imeanzishwa mwaka 1871 kama nyumba ya malazi ya wanawake waliofika Cambridge kusikiliza mihadhara. Mwaka 1879 alifanya mtihani wa lugha za kale kwa hisani tu ya watahini, kwani wanawake waliruhusiwa rasmi kuingia katika mitihani hiyo mwaka 1881. Alipata daraja la pili. Matokeo hayo yalitosha kumfungia njia ya haraka ya ualimu wa chuo, lakini kwa jinsi mambo yalivyokwenda baadaye, pengine yalimfaa: yalimtoa katika vitabu vya sarufi na kumpeleka London, katika Jumba la Makumbusho la Uingereza, ambako alijifunza kuisoma Ugiriki katika michoro ya vyungu na nakshi za mawe.

Kwa takriban miaka 20 alijipatia riziki kwa kuandika na kutoa mihadhara ya hadhara juu ya sanaa ya Kiyunani, akitumia picha zilizomulikwa ukutani kwa taa. Alikuwa mhadhiri hodari, mwenye kujaza kumbi. Mwaka 1888 alisafiri hadi Ugiriki na kuzunguka katika machimbo ya kale akiongozwa na mwanaakiolojia Mjerumani Wilhelm Dörpfeld. Tunda la safari hiyo ni kitabu juu ya visasili na majengo ya Athens ya kale, kilichotoka mwaka 1890 pamoja na tafsiri ya Pausanias iliyofanywa na Margaret Verrall. Mara mbili, mwaka 1888 na 1896, aliomba kiti cha uprofesa wa akiolojia katika chuo cha University College, London. Mara zote mbili kilipewa mwanamume. Chuo Kikuu cha Aberdeen kilimpa shahada ya heshima mwaka 1895, na Durham mwaka 1897. Mwaka huo huo wa 1897 Cambridge ilipiga kura na kukataa kuwapa wanawake shahada. Mwaka uliofuata Newnham ilimrudisha kama mtafiti, naye akiwa amekaribia umri wa miaka 50. Kazi kubwa ya maisha yake inaanzia hapo.

Kitabu cha Prolegomena, kilichochapishwa mwaka 1903, kimejengwa juu ya hoja moja ya mbinu: anayetaka kuijua dini ya Wayunani aanze na walichokifanya, si na walichokisimulia. Kwa hiyo kitabu hakianzi na Zeus wa Homer bali na sikukuu za Athens. Katika Diasia, sikukuu iliyohesabiwa kuwa ya Zeus, Harrison alionyesha kwamba sadaka iliteketezwa nzima bila watu kula sehemu yake, na kwamba nakshi zilizopatikana Piraeus zinamchora huyo aitwaye Zeus Meilichios katika umbo la nyoka. Hitimisho lake ni kwamba jina la mungu wa mbinguni lilibandikwa juu ya ibada kongwe zaidi ya nguvu ya chini ya ardhi. Katika Anthesteria, ambayo kwa juu ni sherehe ya kufungua mitungi ya mvinyo mpya, alifichua siku za mizimu: wafu waliaminiwa kupanda mjini, wakaandaliwa chakula, kisha wakafukuzwa. Katika Thesmophoria wanawake walitupa nguruwe katika mashimo, na masalia yaliyooza yakatolewa na kuchanganywa na mbegu za kupanda. Katika Thargelia mji ulisafishwa kwa kuwatimua watu waliobebeshwa uchafu wa wote. Kwa msomaji wa Kiswahili, aliye na maneno kama tambiko, kafara na mzimu, mambo haya hayahitaji maelezo marefu. Kwa wasomi wa Cambridge wa mwaka 1903, waliozoea kuiona Athens kama chimbuko la akili tupu, yalikuwa fadhaa.

Tangu mapema, Harrison alishikilia pia kwamba kisasili mara nyingi ni maelezo yaliyozuliwa baadaye ili kufafanua tendo ambalo maana yake imesahauliwa. Wayunani wenyewe walitenganisha katika ibada zao yatendwayo na yasemwayo, na neno lao la mchezo wa jukwaani linatokana na kitenzi cha kutenda. Uhusiano huo wa tambiko na tamthilia aliufafanua kwa wasomaji wa kawaida katika kitabu kidogo cha mwaka 1913 juu ya sanaa ya kale na ibada, na ndio uliowavutia wenzake: Gilbert Murray, Francis Cornford na A. B. Cook. Kundi hilo baadaye liliitwa Wanamatambiko wa Cambridge, ingawa Murray alikuwa wa Oxford.

Themis, cha mwaka 1912, ni kitabu cha ujasiri zaidi na chenye udhaifu zaidi. Kiini chake ni utenzi uliochongwa katika jiwe, uliogunduliwa Palaikastro katika kisiwa cha Krete mwaka 1904, ambamo vijana wanamwita mungu kijana aje kurukaruka kwa ajili ya mifugo, mashamba na miji. Akichukua fikra za Durkheim, Harrison alidai kwamba mungu huyo ni taswira ya hisia za kundi linalocheza: kundi lilitangulia, mungu akafuata. Kutoka hapo alimuunda pepo wa mwaka, anayekufa na kufufuka pamoja na majira, na Murray akaongeza sura ya kuonyesha kwamba muundo wa tanzia umefuata hatua za tambiko la pepo huyo. Tatizo ni kwamba jina la pepo huyo ni la Harrison mwenyewe, si la Wayunani. Mwaka 1927 Pickard-Cambridge aliupinga mjengo huo kipengele kwa kipengele, na sehemu kubwa ya pingamizi zake haijajibiwa. Hata hivyo, kuanguka kwa pepo wa mwaka hakukuibomoa hoja ya 1903. Walter Burkert alipoandika juu ya kafara mwaka 1972, alikuwa anatembea katika njia iliyokwisha kufyekwa.

Mwaka 1909 Cornford alimwoa Frances Darwin, binti wa rafiki wa ujanani wa Harrison. Harrison aliumia, na afya yake ikazorota. Vita vya 1914 vilimtenga na Murray, aliyeitetea serikali. Akaanza kujifunza Kirusi kwa bidii ya mwanafunzi wa mwaka wa kwanza, kisha akakifundisha hapo Newnham. Mwaka 1921 Cambridge ilikataa tena kuwapa wanawake haki kamili, na wanafunzi wa kiume waliosherehekea walilibomoa lango la Newnham kwa mkokoteni. Haki hiyo ilikuja mwaka 1948.

Mwaka 1922 Harrison aliondoka Cambridge pamoja na Hope Mirrlees, aliyekuwa mwanafunzi wake, wakahamia Paris. Kwa pamoja walitafsiri kutoka Kirusi maisha ya kasisi Avvakum, yaliyotoka mwaka 1924. Kumbukumbu zake fupi zilichapwa mwaka 1925 na matbaa ya akina Woolf. Alifariki London tarehe 15 Aprili 1928, akiwa na umri wa miaka 77. Mwaka uliofuata Virginia Woolf alimpitisha, kwa herufi za mwanzo tu za jina lake, katika bustani ya chuo cha kubuni cha wanawake.

Kabla ya kuondoka Cambridge alichoma karatasi zake. Zilizosalimika ni hasa barua alizomwandikia Murray, ambazo Jessie Stewart alizitumia katika wasifu wa mwaka 1959, na maandishi ambayo Mirrlees aliyakusanya kwa wasifu ambao hakuumaliza. Mary Beard, katika kitabu chake cha mwaka 2000, alionyesha jinsi picha iliyozoeleka ilivyotokana na uteuzi wa wanawake hao wawili, na jinsi miaka 20 ya London, pamoja na watu aliofanya nao kazi huko, ilivyofifizwa ili Newnham ing'ae. Harrison aliyewafundisha wenzake kutafuta tendo lililofichwa nyuma ya masimulizi ameacha masimulizi mengi juu yake mwenyewe, na ushahidi mchache wa kuyapimia.