Mzee Honda, ringi za pistoni na vumbi la Mbeere

Ukipanda bodaboda Embu mjini ukielekea huko chini Mbeere, hebu sikiza injini kabla hujaanza kuchati. Kuna zile zinazonguruma taratibu, na kuna zile zinazokohoa na kuacha moshi wa buluu nyuma kana kwamba zimetumwa kufukuza mbu. Yangu siku hiyo ilikuwa ya pili. Ilizimika mbali na lami, tukaisukuma, mimi na mwenyewe, hadi kwa fundi wa chini ya mti.

Fundi hakugusa plagi wala kuuliza kama petroli ipo. Alichomeka kidole kwenye mdomo wa kabureta, akakitoa kikiwa chekundu kwa vumbi. Ule mpira unaounganisha kabureta na sanduku la hewa, lile mafundi huita eakilina, ulikuwa umechomoka. Klampu yake ilipotea kitambo na mtu akafunga waya. Waya ukalegea. Ringi zikaisha. Mwenye nduthi alikuwa bado analipa mkopo wa hiyo hiyo pikipiki, na alinyamaza kwa namna ambayo sikutaka kumwangalia usoni.

Nakwambia haya kwa sababu kuna mtu maarufu sana ambaye ringi kama hizo nusura zimmalize. Jina lake unalijua: Soichiro Honda.

Alizaliwa tarehe 17 Novemba 1906, kijijini karibu na Hamamatsu, Japani. Baba yake, Gihei, alikuwa mhunzi aliyetengeneza pia baiskeli. Siku gari la kwanza lilipopita kijijini, Soichiro alilikimbiza, na lilipodondosha oili akainama kuinusa. Shule haikumkaa. Mwaka wa 1922, akiwa na miaka 15, alienda Tokyo kuwa mwanagenzi katika gereji ya Art Shokai. Unadhani alipewa spana? Alipewa mtoto wa mwenye gereji amlee. Alibembeleza mtoto huku akitazama wenzake wakifungua injini, na alifikiria kutoroka arudi nyumbani. Hakutoroka. Mwaka wa 1928 alirudi Hamamatsu na kufungua tawi lake la gereji hiyo.

Sasa njoo kwa ringi. Mwaka wa 1937 aliamua kuacha kutengeneza magari ya watu na kuanza kuunda ringi za pistoni. Ringi ni kile kichuma chembamba cha mviringo kinachoziba nafasi kati ya pistoni na silinda, ili moto wa petroli usivuje chini na oili isipande juu. Unaweza kuishika kwa vidole viwili ukaona ni kitu cha dakika tano. Honda alikesha karakanani miezi mingi, na ringi zake zikatoka ngumu na butu. Alikuja kugundua kwamba hakujua chochote kuhusu chuma chenyewe; kumbe kilikosa silikoni. Akajiandikisha katika chuo cha ufundi pale Hamamatsu, mtu mzima mwenye biashara, akakaa na vijana darasani. Masomo yasiyohusu ringi aliyapuuza na mitihani hakufanya, basi diploma hakupata. (Mimi niliyeacha chuo nimeambiwa nisitumie mfano huu nyumbani. Tofauti ni kwamba yeye alijua alichofuata mle ndani.) Hata baada ya kujifunza, alipopelekea Toyota ringi 50 za kukaguliwa, zilizopita ni 3 tu. Akarudi kazini hadi zikakubalika.

Vita vikaja na mabomu. Januari 1945 tetemeko la ardhi likaangusha kiwanda kilichobaki, na baada ya vita akawauzia Toyota hisa zake. Mwaka wa 1946 alipata injini ndogo za jenereta zilizoachwa na jeshi, akazifunga kwenye baiskeli. Tangi la petroli? Chupa ya maji moto ya kupashia kitanda. Mkewe, Sachi, ndiye aliyezunguka nayo mjini kuijaribu. Ikiwa hiyo si jua kali, basi sijui jua kali ni nini. Kampuni ya Honda Motor ilisajiliwa Septemba 1948, na mwaka uliofuata akaungana na Takeo Fujisawa, mtu wa pesa na mauzo, kwa sababu Honda mwenyewe vitabu vya hesabu vilimchosha.

Mwaka wa 1958 walitoa Super Cub, pikipiki ya cc 50. Barabara nyingi za Japani wakati huo zilikuwa za vumbi na matope kama za Igembe. Walitaka mpeleka chakula aiendeshe kwa mkono mmoja, ndiyo maana klachi haikuwa ya kushika. Lakini tazama walivyopanga vitu: injini chini katikati, tangi chini ya kiti, na chujio la hewa juu, chini ya shingo ya usukani. Kufikia 2017 zilikuwa zimeundwa zaidi ya milioni 100.

Nduthi nyingi za Meru na Embu leo zimetoka India, ila injini haibadilishi sheria zake. Hewa lazima ipite kwenye chujio. Ikipenya pembeni, vumbi husaga ringi na silinda kama msasa, na mchanganyiko hukosa petroli ya kutosha, injini ichemke. Kwa hivyo ukiwa na yako, au ya mjomba Maua, fanya hivi: legeza kwanza bolti za sanduku la hewa ili lisogee. Mpira ukiwa mgumu, utie kwenye maji moto ulainike. Usukume hadi ukingo wa kabureta ukae ndani ya mfereji wa mpira pande zote, hata kule nyuma usikoona, pitisha kidole. Kaza klampu, halafu ndipo ukaze bolti za sanduku. Ukikaza sanduku kwanza, mpira hukaa upande na utachomoka kwenye shimo la kwanza. Mpira uliopasuka, nunua mwingine. Waya na karatasi ya nailoni havizibi vumbi.

Honda alistaafu 1973, siku moja na Fujisawa, kisha akazunguka Japani nzima kuwashukuru wafanyakazi wake mmoja mmoja. Inasimuliwa kwamba kijana mmoja alirudisha mkono nyuma kwa sababu ulikuwa umejaa oili. Mzee aliudaka hivyo hivyo, akausalimia, kisha akanusa kiganja chake. Alifariki tarehe 5 Agosti 1991, Tokyo, akiwa na miaka 84.