BOBBY JONES: MCHAGUA MPINI ALIYEKUWA MKULIMA

Wahenga walisema kuwa mchagua jembe si mkulima. Walitaka kumkemea mvivu ambaye kila siku huulaumu mpini, kumbe shamba linamngoja. Hata hivyo, kila mtu aliyekabidhiwa chombo cha kazi anajua kwamba chombo kisichomfaa mkono humchosha bure. Leo tunawasimulia ndugu zetu askari na polisi maisha ya mtu aliyezijua pande zote mbili za methali hiyo. Naye ni Robert Tyre Jones, aliyejulikana duniani kwa jina la Bobby, bingwa wa mchezo wa gofu.

Jones alizaliwa tarehe 17 Machi 1902 mjini Atlanta, katika jimbo la Georgia, Marekani. Alikuwa mtoto dhaifu wa mwili. Wazazi wake walikaa karibu na kiwanja cha gofu cha East Lake, na mwalimu wa kiwanja hicho alikuwa Mskochi, Stewart Maiden, mzaliwa wa Carnoustie. Mtoto hakufundishwa kwa maneno mengi. Alimfuata Mskochi huyo kiwanjani, akatazama jinsi anavyoinua na kushusha fimbo, kisha akamwiga. Mwaka 1916, akiwa na umri wa miaka 14 tu, alishiriki mashindano ya taifa ya wachezaji wa ridhaa huko Merion, karibu na Philadelphia.

HASIRA KABLA YA USHINDI

Miaka iliyofuata ilikuwa ya uchungu. Kijana huyu alikuwa na kipawa, lakini hakuwa na subira. Pigo likienda kombo aliirusha fimbo yake. Mwaka 1921 alipokuwa akicheza St Andrews, Uskochi, katika mashindano makubwa ya Uingereza, mambo yalimwendea vibaya akaacha kucheza katikati ya mzunguko wa tatu. Mwaka huohuo fimbo aliyoitupa nchini kwao ilimpiga mtazamaji mguuni, na wakuu wa chama cha gofu wakampa onyo kali.

Hapo ndipo tunapoiona hekima ya wahenga. Hapana mpini ambao ungemsaidia Jones wa siku zile. Ilimpasa kwanza aitawale nafsi yake, na aliitawala. Kati ya mwaka 1923 na 1930 alitwaa mataji makubwa 13, naye hakuwa mchezaji wa kulipwa. Tena alihitimu masomo ya uhandisi na ya fasihi, akasoma sheria na kuwa wakili.

JINSI ALIVYOCHAGUA MIPINI

Zamani hizo mipini ya fimbo za gofu ilitengenezwa kwa mti wa hikori, uotao Marekani, ambao hutumiwa pia kwa mipini ya mashoka na nyundo. Mti huo ni mgumu, tena hunepa bila kuvunjika upesi. Lakini hapana miti miwili inayolingana. Mmoja hunepa sana, mwingine kidogo. Mmoja mzito, mwingine mwepesi. Zaidi ya hayo, mpini wa mti hujisokota kidogo wakati wa kupiga, hivyo mwenye papara hupeleka mpira pembeni. Fundi aliukwangua mpini pole pole mpaka ukapata unepo uliotakiwa. Akikwangua kupita kiasi, kazi yote imeharibika.

Jones alizikusanya fimbo zake moja moja kwa muda wa miaka. Vichwa vingi vya chuma vilifuliwa na Tom Stewart, mhunzi wa St Andrews. Kila fimbo aliishika, akaitikisa, akasikiliza uzito wake mkononi. Isiyomridhisha aliiweka kando. Fimbo yake mashuhuri ya kusukumia mpira shimoni, iliyoitwa Calamity Jane, ilikuwa na mpini uliofungwa nyuzi ili kuuimarisha. Hakuitupa kwa sababu ya sura yake. Mkono wake uliijua.

Wakati huo mipini ya chuma cha pua ilikuwa imekwisha kuingia. Chama cha Marekani kiliiruhusu katikati ya miaka ya 1920, na wakuu wa mchezo huko St Andrews wakairuhusu mwaka 1929. Wengi waliikimbilia, kwa kuwa haijisokoti sana na kiwanda kinaweza kutoa mia zilizo sawa. Jones hakuikimbilia. Mwaka 1930, kwa mipini yake ya mti, alishinda mashindano manne makubwa katika msimu mmoja: ya wachezaji wa ridhaa wa Uingereza huko St Andrews, ya wazi ya Uingereza huko Hoylake, ya wazi ya Marekani huko Interlachen, na ya ridhaa ya Marekani huko Merion, mahali palepale alipoanzia akiwa mtoto. Mwezi Novemba mwaka huo, akiwa na miaka 28, aliacha mashindano.

Imesimuliwa mara nyingi kwamba baadaye fimbo zake zilipimwa kwa mizani. Ikaonekana kwamba uzito wake wakati wa kuzungushwa unalingana katika zote isipokuwa moja, nayo ilikuwa ileile iliyomsumbua siku zote. Yale yaliyohitaji mizani, mkono wake ulikuwa umekwisha kuyatambua.

Wala hakuwa adui wa mambo mapya. Alipostaafu alishirikiana na kampuni ya Spalding kubuni fimbo za mipini ya chuma zilizouzwa kwa watu wote tangu mwaka 1932. Alikuwa ametambua kwamba mchezaji wa kawaida hana miaka kumi ya kutafuta miti inayolingana.

FUNZO KWA ANAYECHAGUA LEO

Leo kuna mipini ya chuma na kuna mipini myepesi ya nyuzi za kaboni, iliyoanza kutumika karibu na mwaka 1970. Kanuni haijabadilika. Mwenye mkono wa kasi huhitaji mpini mgumu zaidi, la sivyo kichwa cha fimbo hakitulii na mpira hupotea. Mwenye mkono wa taratibu akichukua mpini mgumu, mpira hauinuki ipasavyo, naye huchoka mapema. Basi mtu asichukue mpini mgumu ili aonekane shujaa, wala asichukue wa bingwa fulani kwa sababu ya jina lake. Ajaribu kwa mipira mingi, atazame inakoangukia, kisha aamue.

UAMINIFU NA UTUMISHI

Liko jambo moja ambalo halikutegemea fimbo. Katika mashindano ya wazi ya Marekani ya mwaka 1925, huko Worcester, Jones alikuwa akijiandaa kupiga, mpira ukasogea kidogo. Hakuna mwingine aliyeona. Waamuzi walimwachia aamue mwenyewe, naye akajihesabia pigo la adhabu. Mwishoni alilingana na Willie Macfarlane, wakarudiana mara mbili, na Jones akashindwa kwa pigo moja. Bila adhabu ile angalikuwa bingwa. Askari anayelinda ghala usiku peke yake anaelewa uzito wa kitendo hicho kuliko tunavyoweza kuueleza sisi.

Mwaka 1942, akiwa na umri wa miaka 40, aliingia jeshini kwa cheo cha kapteni. Alifanya kazi ya upelelezi katika kikosi cha anga, akatua Normandy, Ufaransa, siku moja baada ya majeshi kushuka tarehe 6 Juni 1944.

Mwaka 1948 maradhi ya uti wa mgongo yalimkomesha kucheza. Alitembea kwa mkongojo, halafu kwa magongo mawili, mwishowe akaketi katika kiti cha magurudumu. Mwaka 1958 mji wa St Andrews, ambao aliwahi kuukimbia kwa hasira, ulimpa heshima ya kuwa raia wake huru. Alifariki tarehe 18 Desemba 1971.

Wahenga, basi, hawakukosea. Jones alichagua jembe kwa makini, akalima, na jembe lilipomshinda hakulilaumu.