Bwana wa Kwenye Karatasi ya Wembe

Sura yake yenye masharubu, iliyochapwa kwenye karatasi za nyembe, ilizagaa duniani; maisha yake ni wachache wayajuao. King Camp Gillette alizaliwa Marekani mwaka 1855, akawa mchuuzi wa kusafiri. Mwaka 1894 aliandika kitabu akilaani ushindani wa biashara, akitaka viwanda viwe mali ya umma.

Mwaka 1895, akinyoa kwa wembe butu, aliwaza wembe mwembamba usionolewa, wa kutumia na kutupa. Mafundi walisema haiwezekani, Nickerson akaweza. Mwaka 1903 ziliuzwa mashine 51 na nyembe 168. Mwaka uliofuata, mashine zaidi ya 90,000.

Mali ikamjaa kama bamvua. Hisa zilipoanguka mwaka 1929, maji yakapwa. Alifariki mwaka 1932, karibu mikono mitupu. Mali ni amana. Mwenyewe ni Mola.