Leni Riefenstahl, Mtengeneza Picha za Sinema

Mtoto aliyekulia Buzuruga hahitaji kufundishwa habari za kupanda mawe. Ameyapanda tangu hajajua kusoma, miguu mitupu, akishika ufa kwa vidole vya mkono huku akitafuta mahali pa kukanyagia kwa vidole vya mguu. Basi na amfikiri mwanamke wa Ulaya akifanya kazi iyo hiyo, juu ya genge la mlima mrefu kupita vilima vyetu vyote, naye hana viatu, na chini yake wamesimama watu wenye kamera. Mwanamke huyo ni Leni Riefenstahl. Jina lake lilijulikana dunia nzima. Wako waliomsifu mno, na wako waliomhesabu kuwa mtu wa kuaibisha, na hata leo watu hubishana kwa ajili yake.

Alizaliwa mjini Berlin, tarehe 22 Agosti 1902. Siku hizo Wadachi walikuwa wakitawala nchi yetu pia, nao ndio walioliita lile jiwe kubwa lisimamalo majini karibu na bandari ya Mwanza kwa jina la Bismarck, waziri wao mkuu wa zamani. Baba yake Leni alikuwa na kazi ya kuweka mitambo ya kupasha nyumba joto, maana baridi ya huko ni kali. Alitaka binti yake amsaidie katika kazi hiyo. Walakini binti alitaka kucheza dansi. Mama akamficha, naye akajifunza kwa siri. Baba alipogundua alighadhibika sana, lakini mwisho alikubali. Mwaka 1923 Leni akaanza kucheza peke yake mbele ya watu, wakamshangilia, akaenda mji hata mji. Kisha goti lake likaumia.

Siku moja mwaka 1924 alikuwa stesheni akingoja gari la moshi la kumpeleka kwa daktari. Akaona tangazo la sinema ukutani: picha ya mtu arukaye kutoka mwamba hata mwamba, na katikati shimo refu. Gari likaja, likaondoka, naye hakupanda. Akaenda kuitazama sinema ile. Hivyo ndivyo alivyosimulia mwenyewe. Na msomaji akumbuke kwamba bibi huyu alikuwa hodari kwa kuyapamba masimulizi ya maisha yake.

Aliyeitengeneza sinema ile ni Bwana Arnold Fanck, mtu apendaye milima kupita miji. Leni akamtafuta, akampata, na mwaka 1926 alionekana katika picha yake iliyoitwa Mlima Mtakatifu. Alijifunza kupanda magenge na kuteleza juu ya theluji kwa mbao zifungwazo miguuni. Mwaka 1929 alicheza katika picha nyingine, ya mlima Piz Palü, ambamo aliganda kwa baridi kweli kweli, si kwa kuigiza. Lakini hakukaa tu kungoja zamu yake. Aliuliza kila kitu: kioo hiki cha kamera chafanya nini, kwa nini picha imepigwa asubuhi na si mchana, utepe wa picha hukatwaje na kuungwaje. Waigizaji wengi hawakujali mambo hayo.

Mwaka 1932 akatoa picha yake mwenyewe, Nuru ya Buluu. Yeye ndiye aliyeigiza, na yeye ndiye aliyewaongoza wengine, jambo ambalo wanawake wachache sana walikuwa wamelifanya. Ni hadithi ya msichana maskini wa milimani ajuaye njia ya kupanda mpaka pango lenye mawe yang'aayo wakati wa mbalamwezi. Vijana wa kijiji humfuata, huanguka, hufa. Katika picha hiyo ndimo alimopanda bila viatu. Mtu aliyemsaidia kuitunga hadithi, na hata kuongoza baadhi ya kazi, alikuwa Béla Balázs, Myahudi wa Hungaria. Yakumbukeni majina hayo mawili pamoja, Leni na Balázs.

Mwaka ule ule alimsikia Adolf Hitler akihutubu. Akapendezwa mno hata akamwandikia barua, na Hitler akamwita waonane. Januari 1933 Hitler akapewa serikali ya Ujerumani, na chama chake cha Wanazi kikaanza kuwatesa Wayahudi. Balázs alipodai ujira wake, Bibi Riefenstahl alimpa Streicher, mkubwa wa Wanazi aliyewachukia Wayahudi kupita kiasi, madaraka ya kulishughulikia dai hilo. Picha ilipotolewa tena mwaka 1938, jina la Balázs halikuwamo. Neno hili ni dogo kwa kulinganisha na yaliyofuata, lakini mtu aliyefanya kazi na mwenzake kisha akanyimwa hata jina lake aweza kulipima.

Mwaka 1934 Wanazi walikutana maelfu kwa maelfu katika mji wa Nuremberg, na Hitler akamwagiza atengeneze picha ya mkutano huo. Alipewa fedha na watu, jumla zaidi ya 150. Alitia chombo cha kupandisha kamera juu ya mlingoti wa bendera, ili makundi yale yaonekane kutoka juu kama shamba lililopandwa kwa safu. Wapiga picha wengine walivaa viatu vya magurudumu wapate kupita kati ya watu bila kutikisa kamera. Kisha akajifungia miezi mingi akikata na kuunga.

Hapa yafaa tueleze kazi hiyo, kwa kuwa wengi hudhani kamera haiwezi kusema uongo. Mpiga picha hupata vipande vingi sana. Mtengenezaji huchagua kipande hiki, hukitupa kile, na kukifuatisha kingine. Akiweka uso wa Hitler, kisha mtoto achekaye, kisha jua, mtazamaji moyoni mwake huyaunga yote matatu, ingawa mtoto yule labda alichekea jambo jingine kabisa. Hakuna kipande cha uongo, lakini jumla yake yaweza kuwa uongo mkubwa. Picha ya Nuremberg, iliyotolewa mwaka 1935, ilikuwa ya namna hiyo. Wajerumani wengi waliitazama, wakaona nchi yenye furaha na umoja. Waliofungwa, waliopigwa na waliofukuzwa kazini hawakuonekana, maana hakuna kamera iliyoelekezwa kwao. Baadaye Bibi Riefenstahl alisema siku zote kwamba alionyesha tu yaliyotokea.

Picha yake ya tatu iliyo kubwa ni ile ya Michezo ya Olimpiki ya Berlin, mwaka 1936, nayo hata adui zake huikubali kuwa kazi ya ajabu. Alichimba mashimo uwanjani, akawaweka wapiga picha humo, ili mrukaji aonekane dhidi ya mbingu. Aliweka reli kamera ikimbie sambamba na wakimbiaji, na mwenzake mmoja akatengeneza kamera ya kuzama majini pamoja na wapiga mbizi. Zilitumika kama mita 400,000 za utepe. Ungaliweza kuutandaza kandokando ya reli kutoka Mwanza hata Tabora. Kuukata na kuuunga kulichukua karibu miaka miwili. Na katika picha hiyo Mmarekani mweusi, Jesse Owens, aonekana akishinda kwa mbio na kwa kuruka. Alipata medali 4 za dhahabu, mbele ya macho ya watu waliofundisha kwamba mtu mweusi ni duni. Bibi Riefenstahl hakumkata. Twapaswa kusema hivyo pia.

Picha ikatolewa Aprili 1938, siku ya kuzaliwa kwa Hitler. Novemba mwaka ule alisafiri Marekani kuiuza. Alipokuwa huko, Wanazi walichoma masinagogi na kuvunja maduka ya Wayahudi katika Ujerumani yote. Wakubwa wa sinema wa Hollywood wakamfungia milango, ila Walt Disney alimpokea. Yeye alikataa kusadiki habari hizo.

Vita ilipoanza, Septemba 1939, alikwenda Poland pamoja na wapiga picha wake. Katika mji wa Końskie askari wa Kijerumani waliwaua Wayahudi, naye alikuwapo. Iko picha inayomwonyesha uso umekunjamana kwa hofu. Alilalamika kwa wakubwa wa jeshi, akaiacha kazi ya kupiga picha za vita. Mtu angedhani hapo ndipo macho yalipofumbuka. Walakini Juni 1940, majeshi ya Hitler yalipoingia Paris, alimpelekea simu ya kumpongeza.

Mwaka uo huo alianza picha iitwayo Tiefland, maana yake Nchi ya Bondeni, hadithi ya Uspania. Alihitaji watu wenye sura za Kispania wa kusimama nyuma ya waigizaji. Wakaletwa kwake watu wa Sinti na Roma, zaidi ya 100, na wengi wao watoto. Jamii hizi zimekaa Ulaya mamia ya miaka, na Wanazi waliwachukia kama walivyowachukia Wayahudi. Hawa walitolewa katika kambi za wafungwa, Maxglan karibu na Salzburg na Marzahn mjini Berlin. Hawakupewa ujira mikononi mwao. Msichana mmoja, kama alivyosimulia alipokuwa mzee, alitoroka ili amwone mama yake. Akakamatwa, akapelekwa kambi ya Ravensbrück. Kazi ilipokwisha wote walirudishwa kambini, na wengi wao wakapelekwa Auschwitz, wakafa huko.

Baada ya vita, mwaka 1945, Bibi Riefenstahl alikamatwa. Akachunguzwa na mabaraza mara kadhaa. Hakuwa amejiandika katika chama, wala hakushuhudiwa kuua mtu. Mwisho alihesabiwa kuwa mfuasi tu, akaachiliwa. Picha ya Tiefland ikatolewa mwaka 1954. Lakini hakuna aliyetaka kumpa fedha za kutengeneza picha nyingine.

Ndipo alipoifikia nchi yetu ya Afrika Mashariki, na njia yake ilikuwa kitabu. Alisoma masimulizi ya Ernest Hemingway ya safari yake ya kuwinda Tanganyika, akatamani kuja. Mwaka 1956 akafika Nairobi, akikusudia kutengeneza picha ya biashara ya watumwa. Walipokuwa wakitafuta mahali pa kupigia picha upande wa kaskazini wa Kenya, dereva alitaka kumkwepa mnyama mdogo wa jamii ya paa. Motokaa ikaruka, ikaanguka katika mto mkavu. Bibi akavunjika vibaya, akalala hospitali Nairobi majuma mengi. Alipopona alirudi kwenye kazi, lakini mfereji wa Suez ukafungwa kwa vita, vitu vyake vikachelewa, fedha zikaisha. Picha ile haikutengenezwa.

Hakukata tamaa, maana kukata tamaa hakukujua. Mwaka 1962 alikwenda Sudan, kwa watu wa milima ya Nuba, akakaa nao, akajifunza kidogo lugha yao, akarudi mara nyingi. Vitabu vyake vya picha za Wanuba, vya mwaka 1973 na 1976, vilimrudishia sifa. Wengine walisema kwamba hata hapo ni Leni yule yule: apenda miili yenye nguvu na uzuri, na mgonjwa au mnyonge hamtazami. Kisha, umri wake ukiwa zaidi ya miaka 70, alijifunza kuzamia baharini pwani ya Kenya. Ili akubaliwe, aliandika umri pungufu kwa miaka 20, na waalimu wakasadiki. Neno hilo lachekesha, nami sioni vibaya tukicheka.

Lakini lile la Tiefland halikumwacha. Mwaka 1982 mwanamke mmoja, Nina Gladitz, alitengeneza picha ambamo wale waliosalia wa Sinti na Roma walisema wenyewe. Bibi Riefenstahl akamshitaki. Waamuzi walikubali kwamba yeye mwenyewe alikwenda kambini kuwachagua watu, na kwamba hawakulipwa; hawakukubali kwamba ilithibitika alijua habari za Auschwitz. Hata hivyo aliendelea kusema kwamba baada ya vita aliwaona wote tena, wazima. Mwaka 2002, alipokuwa akitimiza miaka 100, chama cha Waroma kilimpeleka mbele ya sheria kwa maneno hayo. Akatia sahihi kwamba hatayasema tena. Wakati uo huo ilionyeshwa picha yake ya mwisho, ya samaki na matumbawe, isiyo na mtu ndani yake ila wapiga mbizi.

Alikufa nyumbani kwake Pöcking, katika Ujerumani ya kusini, tarehe 8 Septemba 2003. Masanduku yake ya picha, barua na karatasi, kama 700, yalikabidhiwa mwaka 2018 kwa hazina ya kumbukumbu mjini Berlin, na wataalamu wakaanza kuyafungua. Picha ya Tiefland ingaliko. Bibi Riefenstahl aonekana humo akicheza dansi, na nyuma yake, katika mwanga wa taa, wamo watu wa Maxglan na Marzahn, wakimtazama.