Blasio Kigozi: Moto Haukuwaka Peke Yake

Watu wa Uamsho wa Afrika Mashariki wanamkumbuka Blasio Kigozi kama moto. Tusichosema sana ni kwamba moto ule ulikuwa na kuni zingine pembeni.

Blasio alikuwa Mganda, mwalimu, mdogo wake Simeoni Nsibambi. Mwaka 1929 Simeoni alikutana na Dakta Joe Church kwenye kilima cha Namirembe, Kampala. Daktari alikuwa ametoka Gahini, Rwanda, amechoka kabisa na kazi ya hospitali na ile njaa kubwa. Wakakaa siku mbili wakisoma Neno na kuomba. Daktari akarudi kazini na nguvu mpya. Mwaka huohuo Blasio naye akavuka mpaka, akaenda Gahini kufundisha.

Huko haikuwa rahisi. Wafanyakazi wa hospitali walimpinga, na aliyewaongoza ni Yosiya Kinuka, msaidizi wa daktari. Yosiya mwenyewe alikuwa amevunjika moyo, anataka kuacha kazi. Alipofika Kampala akaonana na Simeoni, akamwaga malalamiko yake yote. Simeoni hakumbembeleza. Alimwonyesha kwamba shida haikuwa hospitalini tu, ilikuwa moyoni mwake. Yosiya akampa Yesu maisha akiwa njiani kurudi, na alipofika Gahini akatubu. Yule mpinzani sasa akawa mwenzake Blasio katika maombi na huduma.

Mwaka 1935 Blasio aliona huduma yake imekauka. Akajitenga wiki nzima kumtafuta Mungu, akatoka na moto ule tunaousikia. Mwaka huo timu ya Gahini ikaenda Kabale, Uganda, na watu wengi wakatubu.

Januari 1936 alisafiri kwenda Uganda, akiwa na mzigo wa kuiambia sinodi kwamba kanisa limelala. Homa ya papasi ikamchukua kabla hajasema. Lakini wenzake hawakuiacha kazi. Hoja zake zikafika sinodini bila yeye, na neno lake la Kiganda, Zukuka, yaani Amka, likaendelea kuhubiriwa.

Mpendwa, ukiona unataka kuacha huduma, usijifungie na wanaokuonea huruma tu. Mtafute Simeoni wako, atakayekwambia ukweli na kupiga magoti pamoja nawe. Na yule anayekupinga leo, usimfute. Huenda ndiye Yosiya wako.