Al-Jahiz wa Basra: Muuza Samaki Aliyewagawa Wanyama Makundi

Sifa zote njema ni za Allah (Subhanahu wa Taala), na rehma na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (Swalla Allahu alayhi wa sallam), jamaa zake na Masahaba zake.

Watoto wetu wanaposomeshwa skuli namna viumbe hai vinavyogawanywa makundi, jina wanalolisikia mwanzo ni la Carl Linnaeus wa Sweden, aliyetoa kitabu chake mwaka 1735. Ni haki yake kutajwa. Lakini karibu miaka 900 kabla yake alikuwepo Muislamu aliyeandika juzuu saba juu ya wanyama, na inafaa majumbani mwetu naye ajulikane.

Huyo ni Abu Uthman Amr bin Bahr, aliyezaliwa Basra, Iraq, mnamo mwaka 160 H (776). Aliitwa Al-Jahiz kwa sababu ya macho yake yaliyotokeza nje. Nyumba yao ilikuwa ya kimasikini, na inasimuliwa kuwa babu yake alikuwa mtu mweusi mwenye kuendesha ngamia. Yeye mwenyewe ujanani aliuza mkate na samaki kandokando ya mfereji. Akimaliza, huenda misikitini kukaa kwenye darsa za wanavyuoni wa lugha. Inasimuliwa pia kuwa siku moja aliomba chakula, mama yake akamletea sinia limejaa daftari, kumuonesha kuwa hayo ndiyo aliyoyachuma. Usiku alikuwa akikodi maduka ya vitabu ili alale humo akisoma.

Elimu ikamfikisha Baghdad zama za Khalifa al-Mamun. Kitabu chake cha wanyama, Kitab al-Hayawan, alimtunukia waziri Ibn al-Zayyat.

Mwanzoni mwa kitabu hicho alivigawa vilivyomo ulimwenguni mafungu mawili: vinavyokua na visivyokua. Vinavyokua akavigawa wanyama na mimea. Wanyama akawafanya makundi manne: wanaotembea, wanaoruka, wanaoogelea na wanaotambaa. Msomaji wa Qur-aan atakumbuka kuwa Surat an-Nur, aya ya 45, imewataja viumbe kwa namna wanavyokwenda.

Faida kubwa ni pale alipoonesha kuwa mgawanyo huo hautoshi. Nzi, nyuki na nzige wanaruka, lakini hakuna anayewaita ndege. Kasa, chura, kaa, mamba na pomboo wote wamo majini, na hakuna kati yao aliye samaki. Akaeleza tena kuwa watu humwita popo ndege, ilhali hana unyoya hata mmoja, ana masikio na meno, anazaa na ananyonyesha. Mbuni naye ana manyoya, mdomo, mbawa na mayai, na hata hivyo hawakumhesabu ndege.

Alama alizozitaja ndizo wataalamu wa leo wanazozitazama. Kwa kuwa anazaa na kunyonyesha, popo yumo kundi moja na mbuzi na paka, na mbuni ni ndege ingawa haruki. Linnaeus mwenyewe mwanzo aliwaweka nyangumi pamoja na samaki, na hakuwatoa humo mpaka chapa ya mwaka 1758.

Al-Jahiz alimsoma Aristotle kwa Kiarabu, akamkubali mahali na kumpinga mahali. Hakusalimika na makosa. Aliamini kuwa baadhi ya wadudu hutokana na uozo bila ya mzazi, kama walivyoamini wengi wa zama zake. Katika itikadi alikuwa Muutazila, na wanavyuoni wa Ahlus-Sunna wamemkosoa kwa hilo. Kwa hivyo twachukua kwake elimu ya wanyama na lugha, wala si itikadi.

Sura yake ilimgharimu. Inasimuliwa kuwa Khalifa al-Mutawakkil alimwita awasomeshe watoto wake, alipomuona uso akampa dirham 10,000 na kumrejesha alikotoka.

Aliandika pia risala ya kuwatetea watu weusi. Ndani yake amewataja Zanj, watu wa pwani hii yetu, na sehemu zao mbili: Qanbalu, ambayo watafiti wengi wanasema ni Pemba, na Lunjuya, yaani Unguja. Humo alieleza kuwa weusi si adhabu wala kuumbuliwa na Allah, bali unatokana na ardhi. Mfano wake ulikuwa nchi ya mawe meusi ya Banu Sulaym huko Arabuni, ambako, alisema, watu, paa, mbuni na wadudu wote ni weusi. Jicho lile lile lililomtazama popo ndilo alilowatazamia wanadamu: rangi peke yake haikumtosha kumuweka mtu daraja ya chini.

Uzeeni alirudi Basra, nusu ya mwili imepooza, akafariki mwaka 255 H (868 au 869). Wako wanaosema vitabu vyake vilimwangukia.

Wazazi, mtoto akiuliza kwa nini pomboo si samaki, msimkemee. Mwambieni atazame vizuri, kisha mueleze habari za muuza samaki wa Basra.

Tunamuomba Allah atuzidishie elimu yenye manufaa, sisi na vizazi vyetu. Amin.

Wallahu a'lam.